Mara Nne

Mimi ni fundi bomba, Govanhill, Glasgow.
Boila ikikohoa naisikia nikiwa bado mlangoni.
Rejeta ya ukutani yenye hewa naijua kwa kiganja:
chini moto, juu baridi,
kama mtu anayekuchekea na roho yake iko kwingine.

Lakini Saumu alipoanza kusimama ghorofa ya pili,
ameshika reli, akisema, "Baba, nahesabu vigae,"
nilimwamini.
Ngazi zetu zina vigae vya kijani, vya zamani sana,
vinahesabika kweli. Nikamwacha ahesabu.
Miezi saba nikamwacha ahesabu.

Kwanza wakasema pumu, wakampa pampu ya buluu.
Halafu wakasema, kwa maneno ya adabu, hana mazoezi.
Mwezi wa pili akazimia uwanjani shuleni
akikimbilia mpira ambao wala haukwenda mbali,
midomo imegeuka rangi ya zambarau,
tunda ambalo huku haliuzwi.

Ndipo chumba kile, taa zimepunguzwa.
Mpimaji aliitwa Eilidh. "Itakuwa baridi, kipenzi,"
akapaka jeli, akaweka kifaa chini ya titi.
Saumu kalalia ubavu wa kushoto, mkono chini ya shavu,
kama anayetegea siri ndani ya mto.

Moyo niliokuwa nikiujua ni wa maneno:
unapigwa konde, unapewa mtu, unakwenda mbio.
Huu ulikuwa wa kijivu,
unafumba na kufumbua
kama kiganja cha mtoto anayejifunza kuaga.

"Chumba hiki cha kushoto," akasema, "kinatakiwa kiwe duara."
Kilikuwa bapa upande mmoja,
chungwa lililokaliwa.
Chumba cha kulia kimevimba, kinamsukuma jirani,
kwa sababu mbele yake njia imebana.

Akabonyeza kitufe, rangi zikamiminika.
Nyekundu ni damu inayokuja, buluu inayokwenda;
si safi na chafu, nilivyodhani.
Na pale kwenye valvu, kila pigo, mchirizi
unarudi ulikotoka.
Inavuja.
Hapo sikuhitaji mkalimani.

"Mita nne kwa sekunde."
Akanieleza: kasi mara kasi, kisha mara nne.
Nne mara nne, kumi na sita.
Kumi na sita mara nne —
nilifika kabla ya mashine.
Sitini na nne, na bado kuna kidogo cha kuongeza.
Mtoto kama yeye, ishirini na ushee.

Presha!
Kwetu presha ni ya shangazi anayependa chumvi,
ya mpangaji tarehe thelathini.
Ya mapafu sijawahi kuisikia,
na ule mkanda wa mkononi hauioni.
Miaka sita, meno mawili ya mbele hayapo,
kifuani amebeba geji ambayo
ningeikuta kwenye nyumba ya mtu
ningefunga kila koki, ningetoa watu nje,
hata paka.

Daktari Farquharson hakuahidi kitu.
Kipimo hiki, alisema, ni kuchungulia dirishani;
kuthibitisha lazima waingie ndani,
mrija mwembamba kupitia pajani, akiwa usingizini.
Dawa zipo, za kulegeza mishipa, mara tatu kwa siku.
Neno "kupona" alilizunguka
kama dereva anayelijua shimo la mtaa wake.

Saumu alikuwa akijifuta jeli kwa karatasi.
"Umeona nini?" akamuuliza Eilidh.
"Nimeona moyo unaofanya kazi sana."
"Kama baba," akasema, akatafuta soksi yake.

Tukarudi kwa basi. Mvua ile ile.
Chini ya ngazi nikachuchumaa, akapanda mgongoni
bila kubisha, na huko kutobisha ndiko kulikoniuma.
Ghorofa ya kwanza. Ya pili.
Pumzi zake shingoni mwangu, fupi fupi,
nami, mjinga, nazihesabu.
"Baba," akanong'ona, "vya kijani ni mia moja arobaini na viwili.
Kimoja kimepasuka."

Kumbe alikuwa akihesabu kweli.