Siku za Mwizi

Siku za mwizi ni arobaini.
Wetu aliingia Januari, saa tisa usiku,
mto Narin umeganda, lifti ya ghorofa imekufa,
nikampandisha ngazi mpaka ya nne, kifuani,
nikihesabu vidato, nikikiogopa kila kimoja.
Kilo tatu na robo.
Nimebeba gia za trekta tangu nina miaka kumi na sita,
mikono haikuwahi kutetemeka vile.

Usiku wa kwanza akaiba usingizi.
Wa pili akarudi kuchukua mabaki.
Wa tisa, nikamkuta Begimai ukingoni mwa kitanda,
titi moja nje, hanyonyeshi, halii,
anautazama ukuta
kama mtu anayengoja basi lililokwisha kupita.
Nikamwuliza, nikupe nini?
Akasema, usiniulize.
Nikaenda kufua nepi. Nikazianika roshanini.
Asubuhi zilikuwa ngumu kama mbao,
nikaziingiza ndani moja moja, kwapani,
mithili ya seremala.

Mama akafika kutoka At-Bashi na beshiki,
kitanda kile kile cha kubembezea nilicholazwa mimi,
rangi imebambuka,
na kijibomba chake cha mti cha kupitishia mkojo.
Akanifundisha kufunga kamba:
usikaze, usilegeze.
Nikakosea. Aidai akanilowesha mpaka kiwiko.
"Hiyo," mama akasema, "ndiyo risiti yako."

Siku ya thelathini akanituma vitambaa.
Vipande arobaini, nyumba arobaini,
mtoto ashonewe shati, avae majirani.
Nikapita mlango kwa mlango kwenye theluji,
mwanamume mzima na mkasi wa jikoni.
Zoya Petrovna, asiyeijua mila hii,
akakata pazia bila hata kulishusha,
dirisha lake lina pengo hadi leo.
Askari wa trafiki akatoa mfuko wa koti: "Sijakupa mimi."
Mjane wa ghorofa ya pili akafungua sanduku,
akainama humo muda mrefu,
akanipa kipande cha buluu, cha mkono mfupi.
Sikuuliza.

Thelathini na tisa.
Nikavitandaza mezani, nikahesabu tena. Thelathini na tisa.
Saa tano usiku, mtaa mzima umelala,
sindano ya mama inangoja hewani.
Nikavuta ovaroli langu la gereji, nikakata goti.
"Linanuka dizeli!"
Na mimi je, nikasema, nanuka waridi?

Begimai akacheka.
Sikuwa nimeisikia sauti hiyo tangu kabla ya theluji.
Alicheka mpaka maziwa yakashuka yenyewe, yakalowesha gauni,
na mwizi, kwa kunusa mali, akaamka.

Leo tumemwogesha. Maji ya vuguvugu,
vijiko arobaini utosini.
Mama anahesabu kama anayesali.
Kwenye ishirini na sita Aidai akapiga chafya
na hesabu ikapotelea humo.
Tuanze upya, mama akasema.
Begimai hakujibu. Alichota kingine, akamimina.
Kwa hiyo hatujui vilikuwa vingapi.

Kishati alichozaliwa nacho tukamfunga mbwa shingoni,
peremende ndani, ndivyo ifanywavyo kwetu,
watoto wa uani wakamkimbiza mpaka darajani.
Bobik alirudi jioni, bila shati,
ulimi mtamu.

Wanasema kulea mimba si kazi.
Mimba sikuibeba mimi, nanyamaza.
Lakini sasa ni saa tisa nyingine,
na mwizi tumemkamata, arobaini zake zimetimia,
amevaa nyumba thelathini na tisa na goti la baba yake,
ananikodolea macho gizani, hana hata haya.
Lala, namwambia Begimai, hii zamu yangu.
Nampakata. Shati linanuka dizeli kidogo, na maziwa.
Haya, mama.
Leo tena unachukua nini?