Namba Arobaini na Saba

Byabasaija aliniambia: gonga popote utakapo.
Nikagonga.
Mkono huu umechomelea nusu ya mageti ya Masese,
konzi zangu zinajua bati linaloimba na bati linalokohoa.
Ubavu wa kulia uliimba. Wa kushoto uliimba.
Chini ya kiti cha dereva, pale alipotandika zulia jekundu,
palijibu "dhu",
kama mlango wa mtu anayejificha mdai.

"Hapo pana povu," akasema. "Liliwekwa kiwandani."
Sawa. Na mimi nimezaliwa jana.

Boti ya mashindano, futi thelathini na moja,
tumbo limechongwa kama shoka,
47 ubavuni kwa rangi ya chungwa iliyochoshwa na jua.
Ilikimbia baharini, kwenye maji ya watu wengine,
ikafika Mombasa ndani ya kontena, Jinja juu ya lori,
ikalala miaka sita nyuma ya ghala la samaki
mijusi wakizaliana kwenye usukani.

Milioni ishirini na nne. Nikacheka.
Kumi na mbili. Akacheka yeye.
Tulichekeana hadi chai ikapoa,
tukaachana kwenye kumi na saba
na injini moja badala ya mbili;
ya pili, kumbe, ilishahamia Kisumu kwa jina jingine.

Nyumbani Kagoya hakusema kitu. Alihesabu.
Kagoya akihesabu kimya
huwa najua kosa liko upande gani wa meza.

Nikabandua zulia.
Alumini haipati kutu nyekundu, haikuaibishi hadharani.
Hutoa unga mweupe, laini kama wa muhogo,
unadhani ni vumbi, unapuliza,
na pale ulipopuliza shimo linakutazama.
Ndani ya shimo, sarafu.
Ya shaba. Sura ya mtu nisiyemjua, herufi nisizoweza kuzisoma.
Ilidondoka mfuko wa nani, siku gani ya kushangilia?
Ikalala kwenye kidimbwi cha maji ya chumvi
bila haraka, bila kelele,
ikalitafuna bati ambalo mawimbi yalilipiga yakashindwa.
Senti moja tu.

Kiraka nilikikata kwenye kibao cha barabarani
kilichogongwa na lori la miwa huko Kakira,
nikakinunua kwa kilo kwa muuza vyuma chakavu.
Kibao kiliamuru watu wapunguze mwendo.
Si alumini ya baharini, najua, usinifundishe.
Nilichomelea usiku, umeme ukiwa na nguvu,
ukikatika nangoja, ukirudi naanza upya.

Ufukweni wakaibatiza Sufuria.
"Sufuria ya Wandera imeiva?"
Nilipoitia majini ikayumba kulia, ikayumba kushoto,
ikamwaga mafuta, ikamwaga mpwa wangu Ouma.
Hakuna aliyeniambia hili wakati wa kununua:
aliyeichonga hakuwaza siku yake ya kutulia.
Ikisimama inalewa. Ikienda polepole inalowa.
Kubeba mukene haifai, harusi haifai,
na petroli inakunywa kama shemeji siku ya matanga.

Lakini Jumapili moja Kagoya alipanda,
kitambaa amekikaza kichwani, mkoba mapajani
kama anakwenda benki.
Tukavuka magugu maji kwa kasia.
Upande wa Buvuma ziwa lilikuwa wazi, limekunja uso.
Nikasukuma mkono wa mafuta hadi mwisho wake.

Pua ikainuka. Kisha ikashuka, ikalala juu ya upepo,
mayowe yote ya bati yakawa sauti moja
na nyuma yangu nikasikia Kagoya akihesabu,
safari hii kwa sauti,
kumi na nne, kumi na tano, kumi na sita,
mawimbi tuliyoyaruka bila kuyagusa.

Kwenye thelathini na kitu injini ikakohoa.
Tulirudi kwa kasia, saa mbili na ushee,
yeye mbele, mimi nyuma, mkoba umelowa.

Bado nadaiwa milioni nne.
Kiraka kinashika.
Sarafu nimeiweka kwenye kopo la plastiki, juu darini,
mbali na sufuria za Kagoya.