Kikombe cha Msumarini

Baba alikuwa na kikombe chake,
cha bati, kimetundikwa msumarini
nje ya jiko la watu wa Jinja aliowapikia miaka kumi na tisa.
Vyao vya udongo vilipangwa kabatini, na maua ubavuni.
Chake kilinyeshewa.

Nilikuwa na miaka saba, mdomo haujui mlango.
"Kwa nini kikombe chako kinalala nje?"
Akacheka kile kicheko cha kumeza.
"Maswali yako, Nabwire, yatanifukuzisha kazi."
Alikuwa na mvi, nao walimwita boi.

Swali halikufa, lilihamia daftarini.
Mara ya kwanza niliandika kwa hasira,
kila mtu wa nyumba ile nikamwotesha meno.
Nikaisoma. Hamkuwa na mtu ndani,
ni hasira tu, imevalishwa viatu.

Nikaanza upya, kwa kuuliza.
Nani alipigilia msumari ule?
Mtoto wa nyumba, je, aliwahi kukinywea
siku asiyoonwa na mtu?
Na mimi (hapo kalamu ikanigeukia),
nani aliziba pua darasani
Bhanumati alipofungua chakula chake?
Nani alimwambia "rudi kwenu,"
yeye ambaye bibi yake alizaliwa Kaliro?
Nikaandika na hilo. Mkono ulikuwa mzito.

Jumamosi nikaisoma maktabani:
watu kumi na wanne, na mvua juu ya mabati.
Nyuma kabisa akasimama mwanamke mzee,
mmoja wa wale walioondoka wakarudi.
"Umekosea. Hakikuwa cheupe.
Kilikuwa cha buluu, rangi imebanduka ukingoni.
Nilikiosha mimi, kwa maji ya mwisho."
Akanyamaza. Mvua ikasema peke yake.
"Sikuwahi kujiuliza kwa nini ya mwisho."

Sikumkumbatia. Hakuniomba radhi.
Nilimsogezea daftari, akavuta kiti.
"Baba yako aliitwa nani? Jina lake hasa."
Mangeni, nikasema.
Akaandika *Mgeni*.
Nikamsahihisha, herufi kwa herufi,
naye akafuta, akaandika tena, taratibu.

Kisha akaniangalia juu ya miwani:
"Chai yake, alikunywa na sukari?"

Nikafungua mdomo.
Miaka yote ile ya kumlilia kikombe,
na sijui.

Tukaliandika na hilo, chini ya jina,
likiwa na alama yake ya kuuliza.