Terabaiti Nne

Fundi Ambokile, dukani kwake Mwanjelwa,
kaniwekea diski mbili juu ya kaunta:
hii inazunguka, ina nafasi ya kumwaga;
ile haizunguki, nyepesi kama biskuti,
bei yake magunia manane ya viazi.

"Nyimbo ngapi?"
Elfu thelathini na kitu.
Kwaya za Tukuyu, ngoma za harusi ya shangazi,
na zile alizonasa baba redioni usiku,
kidole juu ya kitufe, akimlaani mtangazaji
aliyedakia kabla wimbo haujaisha.
Kanda zenyewe zimeliwa na kuvu.
Mvua ya Rungwe haina adabu.

"Inayozunguka, ukiiangusha tu, basi.
Ile nyingine hufa kimya. Haiagi."
Nikacheka.
Baba naye hakuaga.

Nimechukua mbili zinazozunguka.
Moja itakaa kwangu Uyole, kabatini,
mbali na jiko, imeviringishwa sweta.
Ya pili nampelekea Subilaga, Makambako,
ambaye muziki wa zamani haupendi hata kidogo,
lakini tangu azaliwe
hajapoteza hata kifungo.