Rangi ni Hamsini

Chuo kimeomba karatasi moja
iliyosahihishwa, yenye mkono wa mwalimu.
Moja tu. Nami nina kopo la biskuti
chini ya kitanda, na ndani yake
miaka minne imekunjwa,
mingine pembe zimeliwa na mchwa.

Nimezitandaza mkekani, nyumbani kwetu Langoni.
Hii insha ya uzalendo: thelathini na nane juu ya arubaini.
Methali kumi na moja, nimezihesabu leo,
na hakuna niliyowahi kuitamka nikizungumza na mtu.
Chini yake tiki ndefu kama mkia wa paka,
na "Hongera."
Basi. Angeweza kumwandikia yeyote.

Na hii ya Jiografia, kumi na mbili juu ya ishirini:
"Visima vyote vya Lamu vimegeuka chumvi."
Nilihukumu kama kadhi,
na Mwalimu Kahindi, kwa wino mwekundu, pambizoni:
Umejuaje?
Aya ya pili: Umejuaje?
Ya tatu hakuuliza. Alipiga mstari chini ya "vyote"
akaiacha kalamu ivuje kidogo.

Nilimchukia wiki nzima.
Kisha nikatoka na kikombe cha plastiki na daftari,
Mkomani, Gadeni, ua hadi ua,
nikionja maji ya watu,
wakiniuliza kama nimetumwa na serikali
au nina mimba.
Visima kumi na tisa.
Vyenye chumvi, vinne.

Mama husoma herufi za Kiarabu, hizi zetu hazijui.
Alipita na sinia la mofa, akainama:
"Wino hunu mwekundu wote wa nini? Mekutukana?"
"Ameniuliza, mama."
"Mara ngapi?"
"Mbili."
"Basi huyu mekaa nawe,"
akaenda zake, mikate isije ikapoa.

Dukani kwa Fumo karatasi ikaingia mashineni,
ikatoka kijivu. Kumi na mbili yangu inasomeka vizuri sana;
Umejuaje imekuwa doa,
kama mtu aliyepangusa chai.
"Nyeusi ni kumi. Rangi ni hamsini," akasema Fumo,
kisha akaitazama alama, akanitazama mimi.
"Na hii kweli unataka waione?"

Nina sitini mfukoni, arubaini ni za unga.

"Rangi," nikamwambia.