Bao la Gizani

Ilikuwa dakika ya themanini na nane
umeme ulipokatika Kadutu nzima.
Runinga ya Mama Nsimire ikatoa mstari mmoja wa buluu,
kama samaki anayegeuka majini, ikazima.
Tulikuwa arobaini na wawili kwenye mabenchi ya watu ishirini,
tumelipa faranga mia tano kila mmoja,
na mpira ulikuwa hewani.

Hewani, nasema. Haukuwa wa mtu bado.

Jenereta ilikuwa na kila kitu isipokuwa mafuta.
Watu wakaanza kudai hela zao,
mabenchi yakaanza kusogea kwa hasira,
ndipo Murhula, kipa wa mtaa wetu,
kidole gumba kwenye bendeji tangu Pasaka,
akaanza kutangaza:
"Mpira unashuka… unashuka… hauna haraka,
kama karatasi yako kule komini.
Beki anauona. Anageuza uso,
kama mtu aliyekutana na mdai wake sokoni."

Mtu akacheka. Cirhuza akadaka pasi:
"Kipa anasali!"
"Dhehebu gani?" sauti ikauliza toka nyuma.
"Bado anachagua!"
Furaha wa saluni, anayeijua ofsaidi kutuzidi sote:
"Kibendera kimeinuliwa! Hapana,
anajipepea tu."

Likaingia kwa mgongo
wa mtu aliyekuwa ameinama kufunga kamba ya kiatu.
Tukaruka wote. Benchi likavunjika.
Hakuna aliyekumbuka mia tano yake.

Asubuhi redio ikasema: sare, sufuri kwa sufuri.
Tuliona haya kwa niaba ya redio.
Sokoni lilikuwa linasimuliwa bao letu,
na muuza makala alishaliongezea mbuzi.

Basi tovuti ilianzia hapo, bila kikao.
Byamungu alikuwa na kompyuta yenye herufi zote ila M.
Tukaandika *pira*, tukaandika *chezaji*,
tukamwita refa *wauzi*,
wasomaji wakadhani ni mtindo.
Siku fundi alipoirudisha M, simu zililia hadi usiku:
mmeharibu, mmeanza kujidai.

Kulipia mwaka wa kwanza, Byamungu aliuza kiatu chake cha kulia.
Cha kushoto kilikuwa cha kaka yake.

Sheria yetu ilikuwa moja:
tusiandike mechi ambayo mtu ameiona.
Tukaandika kona iliyopigwa Jumanne, ikapigwa kichwa Alhamisi.
Tukaandika mpira ulioteremka kutoka Kadutu hadi ziwani,
ukapita katikati ya harusi mbili,
ukala kwenye ya pili,
ukarudi na sambaza ndani.

Kisha zikaja wiki ambazo hakuna aliyecheza.
Uwanjani walikuwapo watu wengine.
Hatukuandika ni akina nani.
Tuliandika: *Mechi imeahirishwa. Refa amemeza filimbi.
Kila usiku inalia tumboni mwake,
na madaktari wanaomba raia walale chini
hadi itakapotoka.*

Watu waliisoma mvunguni,
mwanga wa simu umefunikwa kwa kitenge.
Mama mmoja wa Bagira alitusimulia baadaye:
mwanawe alicheka, naye akamziba mdomo haraka,
na ndani ya kiganja chake
akahisi kicheko kinaendelea.

Sijawahi kuandika kitu kizuri kama kile kiganja.

Murhula yuko Kampala sasa. Gumba lilipona vibaya,
linaelekea kushoto daima, anasema ndiko penalti zinakopigwa.
Furaha anahariri kati ya kichwa na kichwa,
mkono mmoja kwenye nywele za mtu.
Nao wageni, wakija, wananiuliza swali lile lile:
lile bao la kwanza, hasa, nani alifunga?

Mimi sikuona.
Nilikuwa nimeinama gizani,
nafunga kamba ya kiatu.