Gramu Mia Sita na Arobaini

Nimekuweka tena kwenye mizani ya dukani,
ile ninayopimia mikufu ya mabibi harusi
na meno ya dhahabu ya marehemu.
Gramu mia sita na arobaini.
Jana ulikuwa mia sita hamsini na tano.
Gramu kumi na tano, pete moja nzito,
imeyeyuka usiku, ikapita chini ya mkia wako
na kuniachia doa kwenye zulia la mama.

Gyumri imeganda. Mabomba yanakohoa.
Nvard alikuleta ndani ya kofia yake ya sufi,
akasema, "Baba, siku mbili tu,"
akapanda treni ya Yerevan kwenda kusomea madaraja.
Siku mbili zako zimeingia wiki ya tatu.

Jirani Arusyak alisema: mpe maziwa.
Nikakupa. Nisamehe yale maziwa.
Ulihara mpaka macho yakarudi ndani,
mpaka nikikushika ngozi ya shingo
inabaki imesimama, haikumbuki kulala.

Daktari Tsovinar alitaka kinyesi kibichi.
Nikavuka uwanja na chupa ya jemu kifuani,
chini ya koti, isishikwe na baridi.
"Umebeba nini, fundi?" akauliza mteja.
"Saa," nikamjibu. "Saa ya mtu."

Kwenye fomu palikuwa na nafasi ya jina.
Sikuwa nimekupa; mgeni wa siku mbili
hapewi jina.
Nikaandika Zspanak,
ndivyo tunavyoiita hapa springi ya saa,
kwa kuwa sikujua neno jingine
la kitu kidogo kinachokazana.

Aliniita nichungulie kwenye darubini.
Mimi, niliyezeeka nikitazama vidogo,
niliwaona wakielea, wakipinduka,
majani yanayoanguka bila mti.
"Hao ndio wapangaji wake," akasema.

Basi ikawa dawa, matone matatu.
Unatoa povu, unanitazama kama msaliti.
Ikawa kuku wa kuchemsha, bila chumvi, bila kitunguu,
boga kidogo, ncha ya kijiko,
kila baada ya saa nne, hata usiku wa manane,
na sanduku lako nalisuuza kwa maji yanayochemka
hadi vidole vyangu vikawa vya mfua nguo.
Mgonjwa haulizwi uji.
Mimi nakuuliza. Kila mara nakuuliza.
Unanusa, unageuza uso, unarudi,
unalamba mara moja,
na mimi nimeshika pumzi kama ninayechomeka
gurudumu lenye meno membamba kuliko unywele.

Usiku saa za watu zinagonga ukutani,
kila moja na wakati wake.
Naweka sikio tumboni mwako.
Panabubujika, panasimama, panabubujika.
Nimefungua saa elfu kadhaa maishani.
Hii siwezi kuifungua.

Mara ya mwisho kuhesabu vijiko gizani
ilikuwa kwa Siranush.
Niliandika pia, kwenye daftari hilihili,
kurasa za mbele. Namba zilishuka tu.
Sizifungui. Ninaanzia nyuma.

Mia sita thelathini na nane.
Mia sita thelathini na nane.
Mia sita arobaini na saba.

Leo alfajiri nikasikia mchanga ukikwaruzwa,
si ile pupa ya kukimbia na kuchelewa,
bali polepole, kwa mpango.
Nikaja na miwani ya kazi jichoni.
Kimoja. Cha kahawia. Kigumu, kimeumbika,
urefu wa kidole changu kidogo.
Ukakifukia vizuri kama mtu anayeficha akiba,
nami nikakifukua.

Nilikipiga picha, nikamtumia Nvard.
Akajibu: "Baba! Nipo darasani."
Nikaona aibu. Nikaweka simu chini,
nikachukua saa ya Arusyak inayopoteza dakika.

Simu ikatetemeka tena.
"Ni kizuri kweli," ameandika.
"Kimezidi gramu ngapi?"